Mashuka yapande, hesabu zishuke

SWALI: Assalaam alaykum. Nasimamia nyumba ya wageni ya vyumba 12 hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, mtaa wa Kiponda. Mhasibu wetu, aliyekaa nasi miaka saba, aligongwa na gari mwaka jana akiwa juu ya vespa yake, akaumia uti wa mgongo. Miguu haifanyi kazi. Mikono na akili ni vilevile. Sasa anataka kurudi kazini na kigari chake, yaani kiti cha magurudumu. Ofisi ya hesabu iko ghorofa ya pili. Mlango wa mbele una ngazi mbili, kila moja kama shibiri kasoro, na kizingiti juu yake. Mjomba wangu, ambaye ndiye mwenye biashara, anasema alipwe nusu mshahara akae nyumbani apumzike, kwani nyumba ya kale haivunjwi. Mimi nimemfikiria chumba cha nyuma kinachotazamana na jiko, maana mlango wa uani una ngazi moja tu. Mbele kuna mapokezi upande mmoja na ghala ya mashuka upande wa pili. Tena mwezi ujao tunaajiri mpishi msaidizi ambaye ni kiziwi, na wenzake wanaogopa. Sheria inasemaje, na nianze wapi?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Nianze na hicho chumba cha nyuma, maana tangu nisome barua yako ndicho kinachonikosesha raha.

Umekichagua kwa sababu kukiingia ni rahisi. Sisi tuliozeekea kwenye ukaguzi wa usalama kazini tuna tabia inayowachosha watu: tukifika mahali hatuulizi mtu ataingia vipi, tunauliza atatoka vipi. Chumba kinatazamana na jiko. Mafuta yakishika moto kwenye kikaango saa tano asubuhi, au mpira wa gesi ukachomoka, njia zake zote mbili, ya uani na ya ukumbini, zinaanzia pale pale penye moto. Wewe na mimi tutaruka, tutajibana ukutani, tutapita. Kigari kina upana wa sentimita 65 hadi 70, na hakijibani. Utakuwa umemfungulia mlango wa kuingia kazini ukamfungia wa kutoka, na wewe ndiye mwenye nia njema kuliko wote humo ndani.

Geuza nyumba. Ghala ya mashuka iliyo mbele, hatua chache kutoka mlango mkubwa, hiyo ndiyo ofisi yake. Mashuka yapande ghorofa ya pili, hesabu zishuke. Na hata tukimwacha yeye pembeni, mashuka yalikuwa yanafanya nini chini? Vitanda viko juu. Kina dada wanaotandika vyumba wanapanda kutwa na marundo kichwani, kwenye ngazi zile nyembamba za wima zisizo na pa kushika. Watakushukuru kabla yake. Ila usije ukashawishika kuyapeleka mashuka kwenye kile chumba cha nyuma: kitambaa karibu na jiko ni kuni.

Lakini kabla hujahamisha hata foronya moja, kaa naye. Nasema naye, si na kaka yake, wala mkewe, wala yule daktari mnayejuana. Kwetu mtu akishaumia, watu huanza kuzungumza juu ya kichwa chake kama vile kilichovunjika ni ulimi. Kaeni wawili, na chai, umuulize mambo ya kawaida kabisa. Anaweza kukaa saa ngapi mfululizo? Anapenda kusukumwa au anajisukuma mwenyewe? Atafikaje? Hilo la mwisho usilipuuze. Daladala haimchukui na kigari, na gari haliingii Kiponda. Pengine atashushwa Darajani na kusukuma mpaka kwenu, juani mwezi wa pili, au mvuani mwezi wa nne, akipita penye mifereji na mawe yaliyonyanyuka. Mkubaliane aanze baada ya saa ya watu kujazana, na mvua kubwa ikinyesha afanye hesabu nyumbani siku hiyo bila mtu kununa. Nimeona watu waliojengewa rampu ya kifahari wakaacha kazi kwa sababu ya nauli ya teksi.

Yapo mengine ambayo huenda akaona haya kuyasema, kwa hiyo yajue wewe. Aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi hasikii maumivu chini ya pale alipoumia. Akikaa bila kujinyanyua, nyama ya makalio inakosa damu na kidonda kinafunguka bila yeye kujua, na kidonda hicho kinaweza kumlaza miezi. Ndiyo maana anahitaji mto maalumu wa kukalia, na kujiinua kwa mikono au kuegemea upande kila baada ya robo saa mpaka nusu saa. Ukimwona anajinyanyua kitini katikati ya kikao, hajachoka na maneno yako. Wengi hutoa mkojo kwa mrija, kila saa nne hadi sita, kwa hiyo msala, yaani choo, si jambo la kuahirisha. Na kwa aliyeumia juu, karibu na shingo au kifua, mwili hautoi jasho vizuri chini ya jeraha. Chumba cha mbele chenye dirisha na feni kwake ni sehemu ya tiba. Kuna na jambo dogo ambalo limeniuma kuliko makubwa: kompyuta ya mapajani yenye moto, au kikombe cha chai ya maziwa kilichowekwa katikati ya mapaja wakati wa kusukuma kigari. Ngozi inaungua na yeye anaendelea kuzungumza. Mpe meza ndogo ya pembeni kwa ajili ya chai, basi.

Sasa mlango wa mbele. Umeniandikia shibiri, na mimi naipenda shibiri, lakini shibiri ya nani? Yako na ya fundi zinapishana vidole viwili, na hapa vidole viwili ni pesa. Njia ya mteremko, ambayo mafundi wengi wanaiita rampu, ina kipimo kinachokubalika karibu kila mahali: moja kwa kumi na mbili. Kila sentimita moja ya kupanda inadai sentimita 12 za kwenda mbele. Tuseme ngazi zako mbili zina sentimita 36 na kizingiti 8. Jumla 44, kwa hiyo unataka mita 5 na sentimita 28. Ukiutoa mteremko huo moja kwa moja kutoka mlangoni utaingia sebuleni kwa jirani.

Kwa hiyo utembee sambamba na ukuta, kando ya baraza. Na hapa kuna jambo ambalo fundi wa haraka hatakwambia: vichochoro vyetu havilali sawa. Mwambie achukue ule mpira mwembamba wa maji wanaopimia usawa wa msingi, apime kutoka mlangoni kwenda kulia, kisha kushoto. Mara nyingi upande mmoja ardhi imepanda kiasi. Ikiwa upande wa juu zimebaki sentimita 24 badala ya 36, pamoja na kizingiti ni 32, na mteremko umeshuka mpaka mita 3 na sentimita 84. Umeokoa karibu mita moja na nusu kwa mpira na maji. Juu, mbele ya mlango, weka jukwaa tambarare, mita moja na nusu kila upande ikiwezekana, ili asimame bila kurudi nyuma wakati anasalimiana na mtu. Upana wa njia uwe kama mita moja, vyuma vya kushikia pande zote kwa urefu wa sentimita 90 hivi, na chini kwenye kingo ubao mdogo wa kuzuia gurudumu lisichupe. Kisha angalia kilichobaki cha uchochoro: gari la hamali lipite, na jeneza lipite. Jeneza likikwama mlangoni kwenu siku moja, hiyo rampu haitalala usiku huo.

Jenga kwa mbao au chuma, kwa bolti, kitu kinachoweza kufunguliwa na kuondoka. Usimruhusu mtu abandike zege ukutani. Nyumba hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta unavuta unyevu na kuutoa. Ukiufunika kwa saruji, maji na chumvi hukosa pa kutokea, na baada ya misimu michache plasta inamomonyoka na kula mawe ndani yake. Tena Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na sura ya nje ya nyumba haiguswi bila ruhusa ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Nenda kwao mapema na mchoro mkononi, kabla ya kununua ubao. Jambo la kufunguka na kuondoka ni rahisi kuliombea kuliko la kudumu. Mpitie na sheha, na wazee wanaokaa baraza hiyo jioni, maana mbao zitawafunika. Wape baraza ya upande wa pili.

Kizingiti usikikate, hata kama fundi ana msumeno mkali. Nyanyua jukwaa la nje lilingane na mgongo wake, na ndani utie kabari ya mbao ya kushukia. Mlango wenyewe, ikiwa ni wa kuchonga kama nyingi za mtaa huo, una mbao mbili na mfaa, ule mti wa wima, katikati. Watu wamezoea kufungua ubao mmoja tu na kuubana wa pili kwa komeo. Upana unaobaki ni wa mtu mwembamba. Wakati wa kazi fungua zote mbili. Hilo halina gharama, na ndilo linalosahauliwa kila siku.

Kuna aibu yangu moja lazima niseme hapa. Miaka kadhaa nyuma, huko Pemba, niliipitisha rampu ya ofisi moja. Mteremko sawa, vyuma sawa. Juu wakaweka vigae vyeupe vya kung'aa, na mimi nikaona vinapendeza. Masika yalipoingia, mama mmoja anayetembea kwa magongo akateleza pale pale nilipotia saini, akavunjika mkono. Mpira wa ncha ya gongo lake ulikuwa umeliwa upande mmoja, lakini hilo halinitoi. Tangu siku ile nikikagua mteremko naomba ndoo ya maji, naumwagia, kisha naupita na viatu vya kawaida. Wenye ofisi wanadhani nina kichaa. Mbao zako zitie vipande vya mpira mkwaruzo au mchanga uliochanganywa na rangi, kwa upana wa njia, si kwa urefu.

Na rampu ikishakamilika, adui wake ni vespa. Baada ya vespa, kreti za soda. Mtajie mtu mmoja jina, mapokezi, awe ndiye anayeziondoa kila asubuhi.

Mlango wa uani usiuache. Kwetu mlango wa uani una maneno yake, na sitaki mtu aliyefanya kazi na nyinyi miaka saba awe anaingia kazini kwa njia ya taka na samaki. Lakini kama njia ya pili ya kutokea moto ukiwa upande wa mbele, ni muhimu kama wa kwanza. Ngazi moja ya sentimita 13 unaimaliza kwa mita 1 na sentimita 56 za ubao. Mitungi ya gesi itoke jikoni ikae nje uani, wima, kwenye kibanda chenye upepo, mbali na njia hiyo. Na funguo ya mlango huo isikae mfukoni mwa mpishi.

Ndani ya ofisi sina mengi. Mlango wa chumba uwe na nafasi tupu ya sentimita 80 ukiwa wazi. Meza isiyo na droo katikati, chini yake kuwe na sentimita 70 za magoti. Majalada yakae kati ya goti na bega lake. Swichi na plagi vivyo hivyo. Kabati la fedha lishuke naye.

Msala ndio unaoua mipango mizuri. Hapo chini bila shaka pana msala wa wageni, na bila shaka mlango wake unafunguka kwa ndani. Akiingia na kigari hawezi kuufunga. Akianguka ndani, mwili wake unauzuia mlango na hakuna anayeweza kumfikia. Ugeuze ufunguke nje. Choo kiwe cha kukaa, urefu wa sentimita 45 hadi 48, sawa na kiti chake, ili ajisogeze badala ya kujirusha. Upande mmoja wa choo kuwe na sentimita 80 au 90 tupu za kuweka kigari. Vyuma vya kushikia vishikwe na ukuta wenyewe. Ukuta wa chokaa haushiki skrubu fupi, kwa hiyo fundi apitishe bolti ndefu au asimamishe nguzo ya chuma kutoka chini mpaka juu. Mjaribu wa vyuma hivyo awe mtu mnene, siyo kijana wa mapokezi.

Na kutawadha je? Katika michoro yote ya vyoo niliyoletewa, sijapata kuona mchoro uliofikiria hilo. Ndoo na kata chini sakafuni hazimfai aliye juu ya kigari. Mpira wa maji uwe upande wa mkono wake wenye nguvu. Nje ya msala wekeni bomba la udhu la urefu wa kukaa, lenye nafasi ya magoti chini yake, na maji yaende kwenye mfereji. Sakafu ya msala wetu huwa na maji kutwa, na tunalichukulia ni jambo la usafi. Kwa gurudumu na gongo ni barafu.

Huenda mtu akamjia mjomba na wazo la lifti. Amsikilize, amshukuru, amtolee maji. Kukata tundu katika sakafu ya boriti ni kucheza na mifupa ya nyumba. Kila mmoja wetu aliona Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib ilivyoporomoka, na hiyo ni nyumba ya sultani ya mwaka 1883. Umeme nao tunaujua. Walioishi hapa tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu kisiwa kizima gizani, hawahitaji kuambiwa lifti isiyo na umeme ni kitu gani. Na kubebwa juu kila siku na vijana wawili, jambo ambalo najua mtu atalipendekeza, likatae mara ya kwanza linapotajwa. Migongo ya vijana inaharibika, na yeye anageuka gunia la hamali mbele ya wageni. Siku ya moto vijana wenyewe watakuwa wamekwenda kununua ndimu.

Sheria. Watu hunijia na asilimia tatu: kwamba mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Hiyo ipo, lakini iko kwenye sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 2010. Masuala ya kazi si ya Muungano. Sisi Zanzibar tulikuwa na sheria yetu ya watu wenye ulemavu tangu 2006, Namba 9, na sasa tunayo Namba 8 ya mwaka 2022. Ziongeze juu yake Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya 2005, ambayo inamtaka mwajiri awalinde watu wote anaowafanyisha kazi. Juu ya zote upo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia Novemba 2009. Kifungu chake cha 27 kinazungumzia hasa mtu kama mhasibu wenu, aliyepata ulemavu akiwa tayari yumo kazini. Na kifungu cha 2 kinasema kumnyima mtu marekebisho yanayomstahiki, yale yasiyomlemea mwajiri kupita kiasi, ni ubaguzi. Kuhamisha mashuka hakujawahi kumlemea mtu.

Mjomba namwelewa. Nusu mshahara nyumbani kwake ni huruma, na pengine anaihesabu sadaka. Mwambie kwa adabu yake kwamba sadaka ni ya asiye na kazi, na huyu ana kazi. Mkimweka nyumbani, mtamlipa yeye nusu na mtu mwingine kamili, na huyo mwingine atatumia mwaka mzima kujua ni muuza samaki gani wa Malindi anayedai pesa mara mbili. Kama hilo halitoshi, waiteni Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, wapo tangu 1985, waje waione nyumba. Macho ya mtu anayetumia kigari yanaona kwa dakika kumi kile ambacho mimi nakiona kwa siku nzima.

Mpango wa moto uandikeni kwa majina. "Tutamsaidia sote" maana yake hakuna wa kumsaidia. Taja wawili, na wawili wa akiba kwa siku za mapumziko, wafundishwe na yeye mwenyewe namna ya kushika kigari: wapi pana breki, wapi pakishikwa panachomoka. Kisha fanyeni zoezi mara mbili kwa mwaka, moja bila kutangaza. Mara ya kwanza litakuwa vurugu na mtacheka. Pimeni muda kwa saa.

Mpishi wenu kiziwi ni habari fupi zaidi kuliko wenzake wanavyodhani. Gesi ikivuja atainusa kama wao, na huenda kabla yao, maana hapigi soga. Anachokosa ni ile sauti ya "njia!" mtu anapopita nyuma yake na sufuria ya mchuzi. Basi sufuria za moto ziwe na njia yake, mchoreeni mstari sakafuni. Yeye asimame mahali ambapo mgongo wake hauelekei njia hiyo, au tundikeni kioo mbele ya jiko lake aone nyuma. Kumwita ni kumgusa bega, si kumrushia kitunguu, kama nilivyoona mahali. Kengele ya moto iwe na taa ya kuwaka na kuzima, jikoni na msalani pia, kwa sababu msalani hana wa kumgusa bega. Mwanga wa jikoni uwe wa kutosha kuona mikono na midomo. Usimwandikie maagizo marefu ya Kiswahili ukadhani mmemalizana: kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni lugha ya alama, na Kiswahili cha kuandikwa ni cha kujifunza skuli. Chama cha Viziwi Zanzibar watakupatia mtu wa kuwafundisha wapishi alama thelathini arobaini za jikoni. Mkataba na mambo ya mshahara muelezwe kwa mkalimani, siyo kwa mpishi mwenziwe anayejua alama mbili tatu. Hofu yao itakwisha wiki ya pili, wakishagundua kwamba wanaweza kumsengenya mwenye nyumba mbele yake kwa mikono.

Jumamosi hii, basi, mchukue futi kamba na daftari, na yeye awepo na kigari chake. Anzeni Darajani pale gari litakapomshusha, mje mpaka mlangoni, mpaka ghala ya mashuka, mpaka msalani, mpaka uani. Yeye aseme, wewe uandike. Na fundi aanze na msala kabla ya mlango wa mbele. Mlango ukichelewa wiki mbili, watu wawili wanaojua kigari wanaweza kumpandisha ngazi zile mbili kwa siku chache, kama mwenyewe ameridhia. Msala ukikosekana, saa sita mchana atakuwa amerudi kwake.